Pale Suwaidi Hapakuwa Patupu

Wanangu mnaosimama kwenye mageti ya bustani za Riyadh siku hizi, mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi, na wawili kati yenu mkataka nianze na vyeo. Vyeo nilipata viwili, cha pili nikakipoteza kwa sababu nitakayoieleza. Mshahara ulisomesha Swaleh wangu na ukaezeka nyumba. Basi, hayo yamekwisha. Nitawaandikia kazi yenyewe, na maneno mawili matatu yaliyotaka kuandikwa kwenye bango la bustani nikayakataa.

Nilianzia Jeddah. Nilitoka Kisauni nikiwa mjane wa miaka thelathini na tatu, na Kiarabu cha chuoni, kile cha kumwezesha mtu kuhitimu Kurani asiweze kuuliza maji ya kunywa yako wapi. Wakala alikuwa ameniambia nakwenda kuwa msimamizi wa burudani. Nilidhani ni hoteli. Kumbe ni bustani ya bembea upande wa Ruwais, mahali ambapo nyumba za wavuvi zilikuwa zimeshageuzwa vyumba vya kupangisha. Siku tatu kwa wiki wanaume hawakuruhusiwa kuingia. Siku hizo kila mfanyakazi alikuwa mwanamke, kuanzia wa tiketi hadi wa kuzima moto. Mimi ndiye niliyepewa ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, na sijawahi kuzima hata kiberiti.

Aliyenipokea ni Bi Salme, Mzanzibari wa makamo, mfupi, miwani yake imefungwa uzi mweusi mahali pa skurubu. Hakuniuliza habari za safari. Alinipa kopo la grisi na spana, akanipeleka kwenye bembea.

"Wajua kusikiliza?" aliniuliza.

"Kusikiliza nini, Bi Salme?"

"Mnyororo. Sukuma hiyo bembea tupu, kisha fumba macho."

Nikafumba. Bembea ya kwanza ililia kama paka. "Huo una kiu tu, utie grisi," akasema. Ya nne haikulia. Iligonga, tik, kila ilipofika mwisho wa kwenda. "Huo ndio utakaomuua mtoto wa watu. Uufunge kamba nyekundu. Na akija mtu akakwambia yeye ni mke wa fulani, mwambie mnyororo haumjui mumewe."

Siku ile ya kwanza nilifunga bembea mbili, nikatukanwa na wake wa watu watatu. Naambiwa siku hizi mna vyombo vya kupimia. Vitumieni, halafu mfumbe macho.

Bi Salme ndiye aliyenifundisha pia kupekua mkoba. Mikono yako ionekane kabla haijaingia. Mkoba umgeukie mwenyewe, si wewe. Usitoe kitu, mwombe yeye akitoe. Na ukikuta kitu cha siri, dawa au barua, macho yako yapite kama hayajui kusoma. Kisha akaniambia jambo ambalo nilichukua miaka kulielewa. Alisema nikiwa kazini nisiwe mtu aliyesimama karibu na mlango. Niwe mlango.

Jioni moja tulikuwa tumekaa kwenye ukingo wa saruji tukila mkate, nikasema kampuni imewafanyia wema wanawake wa hapa kuwaletea bembea. Bi Salme alinitazama juu ya ile miwani yake.

"Nani kakwambia wamezileta?" alisema. "Mimi nilikuja hapa kabla ya huu uzio. Wanawake wa wavuvi walikuwa wakifunga bembea za kamba siku za Idi, kamba za nyavu kuukuu, ubao katikati. Wakipokezana na kuimba hadi magharibi. Kampuni imeleta tiketi, Mwanaidi. Bembea zilikuwapo."

Nilikaa naye miaka minne. Aliporudi Unguja aliniachia spana, nami nikahamishiwa Riyadh.

Riyadh ilinikausha midomo wiki nzima. Bustani yetu ilikuwa Suwaidi, katikati ya nyumba za watu na maduka ya vitambaa, na ilikuwa ya wanawake na watoto tu, siku zote. Ukuta wake ulikuwa wa matofali, juu ya matofali mabati, na juu ya mabati turubai la kijani, ili mtu hata akiwa ghorofa ya tatu asione kitu. Nje, madereva wetu Wakenya waliegesha magari mstari mmoja wakiwasubiri mabibi zao, wakicheza drafti kwa vifuniko vya soda. Ndani, wanawake walivua abaya zao wakazitundika kwenye misumari, na hapo ndipo ungejua nani ana nywele nyekundu na nani amevaa fulana ya mpira wa miguu.

Kazi yangu kubwa ilikuwa kamera. Simu zenye kamera ndiyo kwanza zilikuwa zikienea, na amri ilikuwa moja, hakuna kamera kuvuka geti. Nilikuwa na kabati la mbao lenye vishimo vilivyoandikwa namba na vibati vya shaba vya namba hizo hizo. Unatoa simu, unapewa kibati. Amri hiyo niliifanyia kazi kwa bidii, na sitajifanya leo kwamba niliichukia. Mwanamke aliyevua abaya ana haki ya kutopigwa picha. Nilikuta simu ndani ya sufuria ya wali. Nilikuta nyingine ndani ya nepi ya mtoto, na hiyo haikunipa taabu, kwa sababu mtoto alikuwa akiita mlio wa harusi.

Sasa niwaambie walichokuwa wakikifanya mle ndani, maana hapo ndipo pana ugomvi.

Palikuwa na njia ya saruji ya mviringo, upana wa watu watatu, iliyozunguka bustani nzima. Ilijengwa kwa ajili ya matembezi. Asubuhi bibi wazee walitembea hapo kwa maradhi ya sukari na presha. Alasiri ilikuwa uwanja. Waliruka kamba, walichora miraba kwa chaki wakarukia kwa mguu mmoja, wanawake wenye watoto wanne, na aliyekanyaga mstari alizomewa bila huruma. Na upande wa mashariki, penye mitende mitatu mikuukuu, alikaa Umm Majid na dufu lake.

Umm Majid alikuwa mjane wa mtaa uleule. Alizaliwa pale kabla hapajawa na mtaa. Mitende ile mitatu, aliniambia, ilikuwa mabaki ya shamba la baba yake, na chini ya kibanda cha pampu kulikuwa na kisima ambacho mama yake alikuwa akitekea maji kwa punda huku akiimba, kwa sababu punda yule hakwenda bila wimbo. Dufu alilibeba ndani ya gunia la mchele. Mimi nililipekua gunia lile kila siku na kila siku nikaona mchele. Hapakuwa na amri iliyoandikwa juu ya dufu, na mimi amri isiyoandikwa huwa siisomi.

Mwingine alikuwa mwalimu Badriya, mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini, mrefu, mkimya. Alikuja siku moja na baiskeli ya mpwa wake, akasema ni ya mtoto. Mtoto hakuwapo. Nikamwambia apite, mtoto atakuja nyuma.

Alijifunza miezi miwili. Alihesabu mizunguko kwa sauti kama anafundisha darasa. Mwezi wa tatu wakawa wanawake sita kwa baiskeli ile moja, kwa zamu. Sheria ilikuwa haijawaruhusu wanawake kupanda baiskeli, na nje ya ukuta ule hakuna aliyethubutu. Ndani walikuwa wakienda kasi hadi turubai likipepea.

Kisha Badriya akaanguka, mkono ukavunjika kifundoni. Nilimfunga kwa kitambaa na ubao wa kreti, dereva wake akamkimbiza hospitali, nami nikabaki na fomu ya ajali. Meneja wetu wa zamani, mtu wa karatasi, alinipigia simu. Kama ningeandika baiskeli, baiskeli zingepigwa marufuku siku ileile. Nikaandika: "Mgeni ameanguka."

"Ameanguka kutoka wapi?" aliniuliza meneja.

"Kutoka juu."

"Juu ya nini, Umm Saleh?" Umm Saleh, mama Swaleh, ndivyo walivyoniita kule.

"Juu kwenda chini, bosi. Ndivyo watu wanavyoanguka."

Akasema halas, yaani basi yamekwisha, na fomu ilipomfikia akaipiga muhuri. Naye alikuwa na dada zake, nilikuja kujua baadaye.

Alhamisi moja alasiri wanaume wawili walikuja getini, mzee mwenye karatasi na kijana aliyemfuata. Walisema wametumwa. Na nani, hawakusema. Ndani dufu la Umm Majid lilikuwa limepamba moto.

"Humo mnapigwa ngoma," alisema yule mzee.

"Humu muna wanawake," nikamjibu.

"Tunataka kuingia tuone."

"Mnataka kuingia muwaone wanawake?"

Kijana aliinamisha kichwa. Mzee hakuinamisha. "Unajua unazungumza na nani?"

"Sijui, baba. Ndiyo maana siwezi kukufungulia."

Akaitaka ikama yangu, kile kibali cha kukaa nchini. Nikampa. Aliisoma mbele na nyuma kama mtu anayetafuta kosa la tahajia, kisha akaitia mfukoni mwake. Akasema kafili wangu, mdhamini wangu wa kazi, atapigiwa simu na kesho nitakuwa kwenye ndege. Nikamwonyesha namba ya kampuni kwenye ubao, nikavuta mnyororo wa geti, nikatia kufuli na kusimama mbele yake. Msidhani sikuogopa. Jasho lilikuwa likinitiririka hadi ndani ya viatu, na Swaleh alikuwa kidato cha pili. Lakini amri waliyoitunga wanaume ilisema mwanamume haingii, nami siku hiyo niliishika amri hiyo kwa mikono miwili kuliko wao wenyewe.

Ndani dufu lilinyamaza. Mtu alikuwa amewapelekea habari. Halafu likaanza tena, polepole, pigo moja moja. Kisha sauti za wanawake zikaliingilia, nyingi kuliko mwanzo. Yule mzee alitazama mabati juu ya ukuta. Akaondoka na ikama yangu.

Ilirudishwa kwa kampuni baada ya siku tisa. Meneja aliniambia niandike barua ya kuomba msamaha mambo yaishe. Nikaandika: "Niliwazuia wanaume nisiowajua wasiingie bustani ya wanawake. Nitafanya hivyo tena." Akaichana. Nikaandika ya pili, maneno yaleyale, kwa mwandiko mzuri zaidi. Basi nikavuliwa uongozi wa geti, nikapewa vyoo. Niliosha vyoo miezi mitatu. Kama mnataka kujua, siki na magadi hushinda dawa zote za chupa, na mwanamke anayekuta choo kisafi hukuombea dua kuliko aliyekuta bembea nzima.

Miaka ikapita, mageuzi yakaja. Hayakuja siku moja kama mnavyosimuliwa. Kwanza simu zenye kamera zikawa nyingi kuliko vishimo vya kabati langu, tukaambiwa tuache. Kisha baiskeli zikaruhusiwa bustanini. Kisha wanawake wakaanza kuendesha magari, na ule mstari wa madereva nje ukapungua gari moja moja hadi drafti ikakosa wachezaji. Badriya alikuja akiendesha mwenyewe, akaegesha vibaya, akashuka bila kutazama nyuma. Kisha kampuni ikatundika spika kwenye nguzo na kupiga muziki mchana kweupe. Umm Majid alisikiliza, mkono shavuni.

"Wameruhusu spika," alisema. "Dufu bado halijaulizwa."

Mwisho ukaja ukuta. Turubai lilishushwa, mabati yakang'olewa, matofali yakavunjwa, na geti likawa la watu wote. Wengi walishangilia, nami nilishangilia. Lakini lazima niseme pia kwamba kuna wanawake waliosimama kando siku ile wakilia, kwa sababu palikuwa mahali pao pekee pa kuvua abaya chini ya mbingu, na hakuna aliyewaandalia pengine. Ukuta ule ulikuwa kifungo na ulikuwa sitara. Anayewaambia ulikuwa kimoja tu hakufanya kazi pale.

Wakati huo nilikuwa nimerudishwa getini, mkongwe kuliko wote, na meneja mpya alikuwa mhandisi Fahd, kijana mpole mwenye viatu vya michezo na haraka nyingi. Kila bustani ilitakiwa iwe na bango la historia yake, watu walivyostarehe pale zamani na sasa. Akaja binti mmoja wa Kisaudi, Lulwa, kutoka kwa walioajiriwa kuyaandika mabango hayo. Fahd alikuwa ameshamwandalia maneno. Aliyasoma kwa sauti mbele yangu, maana kampuni ilitaka mfanyakazi mkongwe aweke saini kuthibitisha.

"Ardhi hii ilikuwa tupu na iliyofungwa kwa miaka mingi," alisoma. "Leo imepewa uhai."

"Nani kasema ilikuwa tupu?" nikauliza.

"Ni namna ya kusema, Umm Saleh."

"Namna ya kumsema nani?"

Lulwa aliinua kalamu. "Tumetafuta, mama," alisema kwa upole. "Mafi, hakuna kumbukumbu. Hakuna picha hata moja ya watu ndani ya bustani hii."

"Picha hazipo kwa sababu nilizizuia mimi," nikamwambia. "Kwa mikono hii, pale getini. Haina maana watu hawakuwapo."

Fahd alicheka kidogo, akadhani natania. Akanisogezea karatasi. "Saini hapa chini tu. Yalla, mama, bango linasubiriwa."

"Sisaini."

"Ni bango tu."

"Kama ni bango tu, liandike ukweli, halitakugharimu."

Akaniambia kuwa kuandika mambo ya baiskeli na dufu kabla hayajaruhusiwa kungeleta maswali. Na kuandika habari za geti na kamera kungenitia aibu mimi mwenyewe. Nikamwambia aibu yangu naijua inapokaa, aniachie. Alichukua karatasi yake akaenda. Lulwa alibaki.

"Hao wanawake wapo bado?" aliniuliza.

Niliwaleta. Kwa alasiri tatu walikaa na Lulwa chini ya ile mitende mitatu. Badriya alikunja mkono wa nguo akamwonyesha mahali mfupa ulipounga vibaya. Mwingine alimchorea miraba ya chaki akamfundisha sheria, na Lulwa akakanyaga mstari, akazomewa kama wenziwe wa zamani. Umm Majid alikataa sauti yake kurekodiwa. "Andika kwa mkono," alimwambia. "Ukichoka, ndipo nitajua umesikia." Alimpa nyimbo nne za kisima, pamoja na mahali ambapo punda hugeuka. Lulwa aliandika hadi vidole vikawa vyeusi kwa wino.

Lakini ripoti yake ingechukua mwezi kusomwa, na Fahd alikuwa na ratiba. Alhamisi ingekuja mashine kuchimbua ile njia ya mviringo, ili papatikane nafasi ya meza za mkahawa. Ukuta ulikuwa umeshakwenda, kibanda cha pampu kimeshakwenda. Njia ile ndiyo alama pekee iliyobaki ya walichokifanya. Nilimwambia Badriya. Sikumwambia afanye nini, nilimtajia siku na saa. Usiku wa Jumatano akawatumia wenzake ujumbe mfupi: kesho baada ya alasiri, kashta. Kashta ni matembezi ya kwenda kukaa nje na kahawa. Hakuna neno lisilo na hatia kuliko hilo Riyadh nzima.

Walikuja ishirini na mmoja. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu. Walitandika mikeka juu ya saruji, kwenye ile kona ya mashariki, wakatoa tende, birika na vikombe. Mwenye mashine, Mpakistani mtu mzima, alifika na kutazama, akazima injini. Fahd alikuja mbio na viatu vyake vya michezo.

"Mama zangu, hapa pana kazi," alisema.

"Endelea na kazi, mwanangu," alisema Umm Majid. "Sisi tunapumzika."

"Hamwezi kukaa hapa."

Badriya alimnyooshea kidole ubao wa getini. "Pale pameandikwa bustani ni ya watu wote, kila siku. Mmebadilisha tangu asubuhi?"

Watu wa familia nyingine walikuwa wamesimama, wengine simu mkononi. Fahd akanigeukia mimi.

"Umm Saleh, wewe ni mfanyakazi wa kampuni. Waambie waondoke."

Nilikuwa nimevaa sare, filimbi shingoni. Miaka yote ile wanawake hawa mimi ndiye niliyewaambia. Acha simu. Punguza sauti. Mwanao amekua, haingii. Tunafunga. Na wakanitii, kwa kuwa nilikuwa na sare. Sasa walikuwa wakinitazama wote ishirini na mmoja, na hakuna aliyenisihi. Umm Majid alisogea kidogo, mkeka ukabaki na nafasi ya mtu mmoja.

Nikakaa.

Mtu alinipa kikombe cha kahawa. Fahd alikwenda kando kupiga simu, moja baada ya nyingine. Umm Majid akalitoa dufu guniani, mbele ya wanaume na wanawake na watoto wa watu, chini ya mbingu isiyo na ukuta, akapiga. Mwenye mashine aliletewa kahawa na tende kwenye ngazi ya mashine yake. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa, mashine iliondoka.

Haikurudi. Meza za mkahawa ziliwekwa upande wa maegesho. Waliokuwa juu ya Fahd waliona heri kuibakiza njia kuliko kuwaondoa bibi za watu mbele ya simu za watu, na ripoti ya Lulwa ilipofika wakaona hata inawapa sifa. Bango likaandikwa upya. Mkipita Suwaidi mlisome. Linataja kisima, na punda, na nyimbo, na miraba ya chaki, na wanawake walioendesha baiskeli humo kabla hawajaruhusiwa kuendesha kwingine. Umm Majid alikataa jina lake kutajwa, akasema wanaomjua wanamjua. Sentensi ya mwisho ni yangu, niliishikilia kwa Lulwa hadi akakubali: kwamba kamera zilikatazwa getini na wafanyakazi wa geti ndio waliozichukua. Sikutaka bango linisafishe.

Fahd aliniita ofisini wiki ya pili. Hakuwa amekasirika, alionekana amechoka tu. Alisema kampuni imeamua nisiendelee na geti. Nikiandika barua ya kuomba radhi wataniangalizia nafasi ndogo Jeddah hadi mkataba uishe.

"Radhi kwa kosa gani?" nilimuuliza.

Alitazama karatasi zake. "Ulikaa chini ukiwa kazini."

"Basi liandike hivyohivyo, uniondoe kwa hilo."

"Umm Saleh, barua hii utakwenda nayo nyumbani. Wanao wataisoma."

"Nataka waisome."

Aliandika. Nilisimama hadi alipomaliza, nikamwomba apige muhuri mahali panapoonekana. Iko ukutani sebuleni kwangu Kisauni, ndani ya fremu niliyoitengenezesha kwa seremala. Wageni wanaojua Kiarabu hunisomea kwa sauti, jina langu, namba ya ikama, miaka niliyotumika, kisha wanafika pale penye sababu ya kuondolewa, wananitazama, wanarudia kusoma: alikaa chini.